Sura ya 7: Umeme Unaovunja Chumvi

Elektrolisisi ni kuvunja kampaundi ya ioni kwa kupitisha ndani yake umeme wa mkondo mnyoofu. Metali hutoka upande mmoja, na kile kilichoshikana nayo hutoka upande wa pili. Mkoa wa Tanganyika, nchini Kongo, una sababu yake ya kulijua jambo hili vizuri. Kusini-magharibi mwa Kalemie, katika miamba ya pegmatiti ya Manono, madini mawili hukaa pamoja ndani ya jiwe moja: kasiteriti, ambayo ni oksidi ya bati, na spodumeni, ambayo ndani yake mna lithiamu. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji kampuni ya Géomines ilichimba kasiteriti hiyo na kuiyeyusha papo hapo Manono. Kutoa bati katika kasiteriti ni kazi ya kaboni na joto: kaboni huchukua oksijeni, bati hubaki. Lithiamu hukataa kabisa njia hiyo. Tanuri liwe kali kiasi gani, mkaa hauipati. Anayetaka metali ya lithiamu hana budi kutumia umeme.

Tofauti ya metali hizo mbili ndiyo mlango wa somo hili. Metali zote zimepangwa katika ngazi ya ukali wa kutenda. Juu kabisa zipo potasiamu, sodiamu, lithiamu, kalsiamu, magnesiamu na alumini. Chini ya hizo ipo kaboni, ambayo si metali lakini huwekwa hapo kwa ajili ya kulinganisha. Halafu zinafuata zinki, chuma, bati, risasi na shaba. Metali iliyo chini ya kaboni hutolewa katika oksidi yake kwa mkaa. Iliyo juu ya kaboni huishikilia hali yake ya ioni kwa nguvu kuliko mkaa unavyoweza kuing'oa, na hapo umeme ndio unaobaki.

Ioni zilizofungwa na ioni zilizoachwa huru

Atomu ya sodiamu ina elektroni moja katika tabaka lake la nje, na huiachia kwa wepesi. Ikiiachia, inabaki na chaji chanya: imekuwa ioni, Na⁺. Atomu ya klorini inapungukiwa na elektroni moja tu ili tabaka lake la nje lijae, hivyo huipokea na kuwa ioni hasi, Cl⁻. Chaji zinazopingana huvutana, na kutokana na mvutano huo hujengeka fuwele za chumvi ya kawaida. Kila ioni chanya imezungukwa na ioni hasi, na kila hasi imezungukwa na chanya, safu kwa safu, kama matofali yaliyoshikwa na saruji.

Chembe ya chumvi iliyo kavu haipitishi umeme. Wanafunzi wengi huteleza hapa, wakidhani kwamba chumvi kavu haina ioni na kwamba ioni huzaliwa chumvi inapotiwa majini. Ioni zimo tangu mwanzo. Zinachokosa ni nafasi ya kusogea. Umeme ni chaji inayosafiri, na penye chaji zilizofungwa hapana mkondo.

Ziko njia mbili za kuzifungua. Ya kwanza ni kuiyeyusha chumvi kwa joto, na kwa chumvi ya kawaida joto hilo ni nyuzi 801 za Selsiasi. Ya pili ni kuiyeyusha majini. Molekuli za maji zina upande ulioelemea chanya na upande ulioelemea hasi. Huzizunguka ioni moja moja, huzitenga na wenzake, na kuziacha zitembee. Kimiminika chenye ioni huru huitwa elektroliti, iwe ni chumvi iliyoyeyushwa kwa moto au mmumunyo wa majini.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni elektroliti hafifu. Yana ioni za magnesiamu, sodiamu, kalsiamu na bikaboneti kwa wingi unaoyafanya yapitishe umeme vizuri zaidi kuliko maji ya mito mingi, na pH yake hukaribia 9. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye beseni safi la plastiki huwa karibu hayapitishi kitu. Anayetaka kuona kwamba umeme majini hubebwa na ioni anaweza kulinganisha maji hayo mawili kwa betri ya volti 9: katika maji ya ziwa vipovu huonekana mapema kwenye nyaya, katika maji ya mvua huenda asione kitu.

Kinachotokea kwenye kathodi na anodi

Chombo cha elektrolisisi ni rahisi kukieleza. Vijiti viwili vinavyopitisha umeme hutumbukizwa katika elektroliti, kila kimoja kikiwa kimeungwa kwa waya na ncha moja ya betri. Vijiti hivyo ni elektrodi. Kilichoungwa na ncha hasi huitwa kathodi, kilichoungwa na ncha chanya huitwa anodi. Majina hayo, pamoja na elektroliti na ioni, yaliandikwa na Michael Faraday mwaka 1834, baada ya kushauriana na msomi William Whewell wa Cambridge.

Betri husukuma elektroni kupitia waya hadi kwenye kathodi, na huzivuta kutoka kwenye anodi. Kathodi basi imejaa elektroni, na ioni chanya huvutwa kuiendea. Ioni chanya inapoigusa hupokea elektroni na kuacha kuwa ioni. Ikiwa ni ya metali, hugeuka atomu ya metali halisi. Kupokea elektroni ni upunguzaji, kwa lugha ya kemia. Upande wa pili ioni hasi huiendea anodi, hutoa elektroni zake za ziada, na hubaki atomu zisizo na chaji, ambazo mara nyingi huungana mbili mbili na kuwa molekuli za gesi. Kutoa elektroni ni uoksidishaji. Matendo haya mawili huenda sambamba: idadi ya elektroni zinazopokelewa kwenye kathodi ni sawa na idadi ya zinazotolewa kwenye anodi katika muda uleule.

Jambo moja linastahili kusemwa kwa msisitizo, kwa kuwa michoro mingi ya vitabuni hulipotosha. Hakuna elektroni inayokatiza ndani ya kimiminika kutoka elektrodi moja hadi nyingine. Elektroni husafiri katika waya. Katika elektroliti zinazosafiri ni ioni, chanya zikielekea upande mmoja na hasi upande mwingine. Mwanafunzi aliyelishika hili hatababaika na swali lolote la sura hii.

Kwa kuwa ioni lazima zielekee upande uleule muda wote, umeme wa ukutani hauwezi kutumika ulivyo. Mkondo geu wa hertzi 50 hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kila elektrodi ingekuwa kathodi na anodi kwa zamu bila kufanikisha kitu. Isitoshe, ni umeme wa kuua. Majaribio yote ya shuleni hufanywa kwa betri au kwa kifaa kinachoushusha na kuunyoosha umeme.

Chumvi iliyoyeyushwa kwa moto

Elektrolisisi ya chumvi iliyoyeyushwa ndiyo nyepesi kuliko zote kuielewa, kwa kuwa mle ndani hamna kitu kingine zaidi ya ioni za chumvi yenyewe. Vitabu vya shule hupenda mfano wa bromidi ya risasi, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 373 hivi, joto linalofikiwa na moto wa maabara. Risasi huonekana kwenye kathodi, ikidondoka chini ya chombo kama tone linalong'aa. Kwenye anodi hutoka mvuke wa bromini wenye rangi ya hudhurungi. Vyote viwili ni sumu, na jaribio hilo halipaswi kufanywa mahali pasipo na mtambo wa kunyonya hewa chafu. Kulisoma kwenye kitabu kunatosha.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyozaa metali nyingi za juu ya ngazi. Humphry Davy aliipata potasiamu na sodiamu huko London mwaka 1807 kwa kupitisha umeme wa betri kubwa katika hidroksidi zake zilizoyeyushwa. Kabla ya hapo hakuna binadamu aliyewahi kuziona metali hizo zikiwa peke yake. Lithiamu iligunduliwa ndani ya madini na Johan August Arfwedson wa Uswidi mwaka 1817, lakini metali ya lithiamu kwa kiasi cha kutosha kuichunguza ilisubiri hadi mwaka 1855, Robert Bunsen na Augustus Matthiessen walipoifanyia elektrolisisi kloridi ya lithiamu iliyoyeyushwa.

Viwanda vya leo hufuata njia hiyo. Kloridi ya lithiamu peke yake huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 600. Ikichanganywa na kloridi ya potasiamu, mchanganyiko huyeyuka kwenye joto la chini zaidi, na kazi hufanyika kwenye nyuzi 450 hivi. Kathodi ni ya chuma cha pua, anodi ni ya grafiti:

Li⁺ + e⁻ → Li

2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻

Lithiamu ni nyepesi mno, hata huelea juu ya chumvi iliyoyeyuka na kuchotwa kutoka juu. Mtu atauliza kwa nini potasiamu nayo isitoke kwenye kathodi, maana ioni zake zimo. Katika mchanganyiko huo wa moto ioni za lithiamu huhitaji volti pungufu kidogo kuliko za potasiamu ili zipokee elektroni. Volti ikidhibitiwa, lithiamu hutangulia.

Spodumeni haitumbukizwi ilivyo katika chombo cha namna hiyo. Huchomwa kwanza, husagwa, hutendwa kwa asidi, na mwishowe hutolewa chumvi ya lithiamu. Sehemu kubwa ya lithiamu ya dunia huuzwa ikiwa bado ni kaboneti au hidroksidi, kwa ajili ya betri, bila kufikishwa hatua ya metali. Manono inatajwa kuwa miongoni mwa akiba kubwa duniani za lithiamu iliyomo katika mwamba mgumu, lakini mwanafunzi wa Kalemie ajue kwamba kati ya jiwe na metali kuna viwanda kadhaa, na cha mwisho ni cha elektrolisisi.

Maji yanapoingia kati

Kwenye mmumunyo wa majini mambo huongezeka, kwa kuwa maji nayo huleta ioni zake: hidrojeni, H⁺, na hidroksidi, OH⁻. Ni chache, lakini kila zinapotumika maji hutoa nyingine. Sasa kwenye kila elektrodi kuna wagombea wawili, na lazima ijulikane nani atatangulia.

Kwenye kathodi kanuni ni kwamba ioni ya kitu kilicho chini katika ngazi ya ukali hutangulia kupokea elektroni. Hidrojeni imewekwa juu ya shaba na fedha, na chini ya metali nyingi nyingine. Mmumunyo ukiwa na ioni za shaba, shaba hutoka. Ukiwa na ioni za sodiamu, potasiamu au magnesiamu, hutoka hidrojeni, na metali hubaki majini. Ndiyo maana katika maji ya Ziwa Tanganyika, pamoja na magnesiamu yake yote, kwenye kathodi hutoka vipovu vya hidrojeni tu.

Kwenye anodi, ikiwa ni ya kaboni au platini, ioni za kloridi, bromidi na iodidi zikiwa nyingi hutoa klorini, bromini au iodini. Zisipokuwepo, hutoka oksijeni kutoka kwenye maji. Salfati na nitrati hazitoi kitu katika majaribio ya kawaida.

Chumvi ya Uvinza inafaa kuwa mfano. Huko ng'ambo ya ziwa, kusini-mashariki mwa Kigoma, chemchemi za maji ya chumvi zimekuwa zikichemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yake ilivushwa na wafanyabiashara hadi ufuo wa ziwa upande wa Kongo muda mrefu kabla ya wakoloni. Maji hayo mazito yakipitishiwa umeme kwa elektrodi za kaboni, kwenye kathodi hutoka hidrojeni, kwenye anodi hutoka klorini, na ndani ya chombo hubaki ioni za sodiamu pamoja na hidroksidi: hidroksidi ya sodiamu, ambayo viwanda vya sabuni huihitaji kila siku. Chumvi moja ya mboga hutoa bidhaa tatu. Lakini chumvi ikiwa kidogo sana majini, kwenye anodi oksijeni huanza kuchukua nafasi ya klorini. Wingi wa ioni una sauti yake katika kuamua nani atangulie. Klorini hudhuru mapafu hata ikiwa kidogo, kwa hiyo jaribio la maji ya chumvi lisifanywe chumbani wala lisiachwe likiendelea.

Jaribio salama zaidi kwa shule isiyo na maabara ni la salfati ya shaba, yaani mrututu. Vijiti vya kaboni hupatikana ndani ya betri kuukuu za tochi za aina ya kawaida isiyo ya alkali; unga mweusi unaovizunguka huoshwa na mikono pia, na mmumunyo hauonjwi wala haumwagwi kisimani wala ziwani, kwa kuwa shaba huua samaki. Vijiti viwili hutumbukizwa katika mmumunyo wa buluu bila kugusana na kuungwa na betri. Baada ya dakika chache kijiti cha kathodi huvikwa rangi ya waridi iliyoelekea hudhurungi, kuanzia upande unaotazamana na mwenzake: hiyo ni shaba mpya. Kwenye anodi vipovu vidogo vya oksijeni hung'ang'ania kijiti, kisha hupanda. Jaribio likiachwa kwa muda mrefu, buluu hupauka, kwa kuwa ioni za shaba ndizo zilizoipa maji rangi, nazo zinapungua. Kinachobaki ni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa.

Vijiti vya kaboni vikibadilishwa kwa vipande vya shaba, matokeo hubadilika. Shaba ya anodi humong'onyoka na kuingia majini ikiwa ioni, shaba ileile kwa kiasi kilekile hujenga kathodi, na buluu haipungui. Hakuna gesi inayotoka. Hivyo ndivyo shaba husafishwa: anodi ni kipande kichafu, kathodi ni bamba jembamba safi. Dhahabu na fedha zilizokuwa katika uchafu huanguka chini kama tope, na tope hilo hukusanywa kwa thamani yake.

Shaba ya Katanga

Shaba ipo chini ya kaboni katika ngazi, na mafundi wa Katanga waliiyeyusha kwa mkaa karne nyingi kabla ya umeme. Misalaba ya shaba iliyofukuliwa katika makaburi ya bonde la Upemba ni ushahidi. Kiwanda cha kuyeyushia cha Lubumbashi nacho kilianza mwaka 1911 kwa tanuri. Kwa nini basi umeme? Kwa sababu mbili. Waya wa umeme unataka shaba safi mno, kwa kuwa uchafu kidogo tu hupunguza uwezo wake wa kupitisha mkondo. Tena mawe mengi ya Katanga yana shaba kidogo iliyotawanyika, na kuyayeyusha yote kwa moto ni hasara.

Kampuni ya Union Minière ilianzisha kiwanda cha Shituru huko Likasi, enzi za ukoloni Jadotville, mwaka 1929. Mawe yenye malakiti, ambayo ni madini ya shaba, husagwa na kuloweshwa katika asidi ya salfuriki. Shaba hutoka ndani yake na kuingia kwenye mmumunyo ikiwa salfati, mrututu uleule wa shuleni lakini kwa matangi na matangi. Kathodi huning'inizwa kati ya anodi za risasi. Shaba hujijenga kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi mabamba mazito yanainuliwa kwa winchi, yakiwa na rangi ya chungwa na uso wenye vinundu. Kwenye anodi hutoka oksijeni, na asidi inayozaliwa hurudishwa kuloweka mawe mengine. Asidi hiyo inayozunguka ndiyo akili ya njia nzima, na ndiyo iliyoifanya ilipe. Kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilifuata mwaka 1960, kikitoa shaba na kobalti. 

Umeme kiasi gani, metali kiasi gani

Faraday alionyesha kwamba uzito wa metali inayotoka hutegemea kiasi cha umeme uliopita. Moli moja ya elektroni hubeba kulombi 96,500 hivi. Shaba huhitaji elektroni mbili kwa kila ioni, hivyo gramu 63.5 za shaba huhitaji kulombi 193,000. Mwanafunzi akipitisha ampea 0.5 kwa dakika 30, amepitisha kulombi 900, na kathodi yake itaongezeka takriban gramu 0.3. Mizani nzuri ya dukani ya kupimia dhahabu inatosha kulihakiki hilo.

Kwa gramu moja moja, shaba hudai kulombi 3,040. Lithiamu hudai karibu 13,900. Lithiamu huhitaji elektroni moja tu kwa kila ioni, lakini atomu yake ni nyepesi mara tisa kuliko ya shaba, kwa hiyo gramu yake ina atomu nyingi mno za kuhudumiwa. Volti nazo zimetofautiana: matangi ya shaba hufanya kazi kwa volti 2 hivi, wakati kloridi ya lithiamu hudai zaidi ya 3.5 hata kabla ya hasara kuhesabiwa.

Tani moja ya shaba kwa volti 2 inakula takriban kilowati-saa 1,700, na viwandani hufika karibu 2,000. Ndiyo sababu viwanda vya elektrolisisi hufuata maporomoko ya maji. Likasi ilipata umeme wake kutoka bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililoanza mwaka 1930. Mahitaji ya Kolwezi yalikuwa makubwa hata ikajengwa laini ya umeme ya takriban kilomita 1,700 kutoka maporomoko ya Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, iliyowashwa mwaka 1982. Laini hiyo hubeba mkondo mnyoofu. Ufikapo Kolwezi hugeuzwa kuwa mkondo geu ili ugawanywe, na kila kiwanda huunyoosha tena kabla ya kuuingiza kwenye matangi.